Ya Tatu Ndiyo Bora

Jumamosi, Asahikawa. Theluji imemeza baiskeli ya kinyozi,
imebaki kengele tu.
Ghorofa ya juu yake, kwenye duka la Uozumi
la michezo iliyokwisha kuchezwa na watu wengine,
tumezunguka jiko la mafuta ya taa, soksi zinafuka mvuke,
na ubishi ndio kwanza unachemka.

Falme za Chumvi ziko saba.
Hilo peke yake ndilo tunalokubaliana,
na hata hilo, Tetsuro akipandwa na mori, husema ni sita:
ya saba haihesabu, kama mtu asivyomhesabu
shemeji aliyekimbia na pesa za arusi.

"Ya tatu ndiyo bora," anasema, kama anayesoma hukumu.
"Mlimwona mfalme kipofu akigawa ardhi kwa kunusa udongo?
Mliisikia ile filimbi ndani ya mgodi?
Baada ya hapo wametulisha makapi."

Uozumi anafuta kaseti kwa pindo la shati.
"Ya kwanza," anasema. "Dunia nzima ilikuwa rangi nne
na bado msitu ulinitisha.
Leo kila jani lina kivuli chake, nami sishtuki."

Mimi ni mtu wa ya tano. Naitetea
kama mtu anavyoitetea timu ya kwao inayoshuka daraja:
najua vita vyake havina mwisho,
najua ramani ni tupu upande wote wa mashariki,
najua yule mwizi mwenye jicho moja hurudia neno lilelile
kila ukimgusa: "Upepo umegeuka, bwana."
Lakini nilikuwa na miaka kumi na minne, na homa,
na upepo uligeuka kweli.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake;
sisi tumeivuta hadi inalia.
Ndipo kijana Renji, aliyezaliwa mwaka ilipotoka ya sita,
anauliza kwa adabu, kikombe mkononi:
"Mzee Tetsuro, kwani lile joka la mwisho la ya tatu
husema nini linapokufa?"

Kimya.
Jiko likapiga chafya.
Tetsuro akamtazama Uozumi, Uozumi akaitazama kaseti,
mimi nikazitazama soksi zangu.
Miaka ishirini na saba ya kuisifu,
na hakuna aliyeumaliza ule mnara wa ghorofa tisini.
Mimi niliishia ya arobaini na moja. Sijawahi kumwambia mtu.
"Husema mengi," akajibu Tetsuro. "Ni... falsafa."

Mlango ukasukumwa kwa goti.
Bi Kurosu wa mafuta ya taa, madebe mawili, theluji mabegani.
Kumbe alikuwa ngazini muda wote.
"Halisemi kitu," akasema, akitua debe.
"Linaomba maji. Ukilipa, mchezo unakwisha polepole.
Ukilinyima, unakwisha vilevile, ila bila muziki."

Tulimtazama kama watu waliosikia sufuria ikiongea.
"Uliimaliza?"
"Mara mbili. Nilikuwa zamu ya usiku kiwanda cha karatasi.
Nikirudi alfajiri, usingizi hauji."
"Basi umekubali! Ya tatu ndiyo bora!"

Akavua glavu, kidole kwa kidole.
"Ya saba," akasema.
Tetsuro akashika kifua, na hakuwa anatania.
"Hadithi yake ni ya kijinga. Farasi wake wanatembea kama meza.
Lakini ndiyo pekee inayokuruhusu kuhifadhi popote,
hata upanga ukiwa hewani.
Nilikuwa na mapacha wa miezi mitatu.
Mmoja akilia, nausimamisha ulimwengu,
nanyonyesha, narudi: adui yuko palepale,
mkono juu, hana kinyongo.
Mwaka ule hakuna mwingine aliyenisubiri hivyo."

Akahesabu chenji, akashuka.
Tukalisikia lori likikohoa, likishika barabara.

Tukanyamaza, kitambo cha heshima.
Uozumi akatia mafuta jikoni.
"Hata hivyo," akaanza Tetsuro, "muziki wa ya saba..."
na sote tukasogeza viti.